Makovu ya Pikapu

Masele, mfugaji wa Samuye, alizizunguka pikapu mbili kuukuu mpaka kichwa kikamuuma. Zote zilikuwa za silinda nne. Fundi alisifia hii, dalali akasifia ile, na yeye alitaka tu gari la kuwapandishia maji wachimbaji kule mlimani. Mwisho akafuata anachokijua: ng'ombe mwenye makovu ya nira ndiye mvutaji, anayeng'aa hajalima. Akaiacha iliyong'aa, akachukua iliyobonyea kila upande.

Katikati ya mlima ikakohoa, ikazima.

“Sasa makovu yote haya uliyapatia wapi?” Masele aliifokea, akaipiga teke.

Mkewe, Asteria, alishuka garini, akarudi nyumbani kuwaswaga hadi kwenye pikapu ng'ombe wawili wenye makovu shingoni, wale ambao mumewe alisema hawana kazi tena.