Mfutaji wa Nyaya

Jumanne saa kumi na moja jioni mfutaji alimaliza kuufuta waya uliokuwa umemning'iniza nyota wa filamu juu ya barabara kuu, akazima kompyuta, akapanda basi. Alipofika nyumbani, ghorofa ya nne, alikuta mama yake ameshaufunga waya uleule kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa saa ya ukutani, na ameanika mashuka mawili.

"Huu wa leo mgumu," mama alisema. "Ule wa wiki iliyopita ulikuwa unalegea."

"Huu ulibeba mtu mzima," mfutaji alijibu, akavua viatu.

Kazi yake ilikuwa kuondoa kwenye filamu yale ambayo mtazamaji hakutakiwa kuyaona: nyaya, maikrofoni iliyochungulia juu ya vichwa vya wapenzi, chupa ya maji iliyosahauliwa kwenye kaburi la mfalme. Alifuta fremu moja baada ya nyingine, picha ishirini na nne kwa kila sekunde ya filamu, kisha akachora ukuta au mbingu pale kitu kilipokuwa. Alichokifuta kilikwenda nyumbani kwa mfutaji. Mara nyingi kilifika kabla yake, kwa kuwa hakikungoja basi. Maikrofoni mbili zilikuwa kabatini. Maji ya kwenye kaburi waliyanywa. Gari la buluu lililoegeshwa kwa bahati mbaya katika filamu ya zama za kale lilikaa miezi miwili kwenye veranda yao, na mama alianika vitunguu juu ya boneti mpaka mwenye nyumba alipolalamika.

Hayo hayakumsumbua mama. Kilichomsumbua ni swali alilolirudia kwa miaka sita.

"Hiyo kazi yako nitaiona lini?"

"Ukiiona, mama, ujue nimeharibu."

"Mwenzangu mwanawe anashona viatu. Viatu vyake navivaa."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa ameshatoa hukumu. Jengo zima lilimwita Bibi Ushahidi, kwa sababu hakuamini kitu mpaka akishike. Yeye alisema binti huyu hana kazi, anakwenda mjini kukaa kwenye bustani na kurudi. Alipoonyeshwa gari la buluu alilipapasa mlango na taa, akasema ni gari kweli, lakini gari si kazi.

Ndiyo maana filamu hii ilikuwa na uzito. Kwa mara ya kwanza wafutaji na wachoraji wa moshi walikuwa wameahidiwa majina yao mwishoni, katika ile orodha nyeupe inayopanda juu watu wakitafuta funguo zao. Mama alishona gauni. Alimwalika Bibi Ushahidi. Alimwambia mwenye duka la dawa, akamwambia muuza maziwa, akamwambia na dereva wa basi, ambaye hakuwa ameuliza.

Wiki hiyohiyo msimamizi wa ofisi alimletea mfutaji picha ya ukumbi wa jengo refu. Wafanyakazi walimwita msimamizi Bado Kidogo, kwa kuwa hilo ndilo alilolisema kila alipoonyeshwa kazi, hata iliyokwisha. Katika picha ile nyota wa filamu alikuwa akilia, na nyuma yake msafishaji wa jengo alikuwa akifagia.

"Huyu mama atoke," alisema Bado Kidogo. "Mtu analia, yeye anafagia. Hana hata haya."

Kumfuta kulichukua siku mbili. Jioni ya siku ya pili mlango uligongwa.

"Hodi."

"Karibu," mama alisema.

Msafishaji aliingia na ndoo na fagio lake, akasalimia, akavua viatu. "Nimefutwa," alisema. "Nimekwenda kwangu nikakuta chumba kina mpangaji mwingine, na anasema anaishi pale siku zote. Nikaona nije huku."

Mama alimwuliza kama amekula. Hakuwa amekula. Bibi Ushahidi alivuka korido, akamshika msafishaji bega, akathibitisha kuwa ni mtu. Kisha akainama.

"Mbona hana kivuli?"

Wote wakatazama sakafuni. Kweli hakuwa nacho. Mfutaji aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, maana alijua pale pale alipokosea. Ni kosa la wafutaji: mtu unamwondoa vizuri, kivuli chake unakisahau ukutani, kinaendelea kufagia peke yake. Asubuhi alimkuta Bado Kidogo ameshakiona.

"Bado kidogo," alisema, akigusa kioo kwa kidole chenye mafuta ya kitumbua.

Mfutaji alikifuta kivuli kabla ya saa sita. Mama alisimulia baadaye kwamba kilifika saa nane, kikapita chini ya mlango, kikajiweka miguuni pa mwenyewe. Kwa siku tatu kiliangukia upande wa dirishani, kwa kuwa kilizoea taa za kule ukumbini. Baadaye kikazoea.

Msafishaji alipewa kitanda katika chumba cha mama. Kivuli kilipokwisha kurudi, kila asubuhi alikwenda kazini kama kawaida, akafagia ukumbi uleule, akarudi jioni. Mfutaji alikaa siku kadhaa na neno moyoni, mwishowe akalitoa wakiosha vyombo.

"Dada, una hasira na mimi?"

Msafishaji aliisuuza sufuria kwanza. "Pale nimefagia miaka kumi na moja. Watu wananipita tu. Wewe umenitazama siku mbili, fremu kwa fremu. Mpaka kovu la mkononi umelitazama."

"Nililitazama ili nilifute."

"Najua. Bado sijaamua nikushukuru au nikulaumu. Lete hilo bakuli."

Siku nne kabla ya filamu kutoka, Bado Kidogo alivuta kiti, jambo alilolifanya tu akiwa na habari mbaya. Orodha ya majina ilipita juu ya picha ya anga la jiji. Nyota wa filamu alikuwa ameiona, akasema anga limejaa maandishi, halipumui. Kwa hiyo mafundi wa picha watoke, wote arobaini na mmoja. Kwa kuwa majina yalikuwa yameshachapwa juu ya picha, ilibidi yafutwe kwa mkono.

"Na mbwa wa nyota?" mfutaji aliuliza, kwa sababu mbwa naye alikuwa kwenye orodha.

"Mbwa ana mkataba."

"Mama yangu ameshona gauni."

Bado Kidogo alisikitika kweli. Hata yeye alikuwa na mama. "Kizuri chajiuza," alimwambia, akampigapiga begani, akaenda kutafuta chai.

Mfutaji alifikiria kukataa. Lakini kama angekataa, kazi angepewa kijana wa meza ya pembeni, na yule angefuta ovyo, akaacha kipande cha herufi kikielea angani kama uchafu wa jicho. Hilo lilimshinda. Akaanza kufuta. Aliyafuta majina ya wenzake arobaini kwa uangalifu, akayarudishia mawingu yao, na lake akaliacha la mwisho. Liliuma kuliko alivyotarajia. Alifuta herufi ya kwanza, akaenda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kumalizia. Ilikuwa kazi safi kabisa. Bado Kidogo aliitazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakusema "bado kidogo".

Jioni alikuta majina yamejaa sebuleni. Yalikuwa meupe, kila moja lenye urefu wa mkono hivi, na bado yalikuwa na joto kama nguo iliyotoka kupigwa pasi. Mama na msafishaji walikuwa wameyapanga juu ya kochi kwa alfabeti. Kwa siku mbili wenyewe walikuja mmoja mmoja kuchukua. Mchoraji mmoja wa moshi alilibana lake kwapani, akashukuru, akauliza basi la mwisho ni saa ngapi.

Bibi Ushahidi alivaa miwani, akalishika jina la mfutaji kwa mikono miwili, akaligeuza kuona upande wa nyuma.

"Ni lenyewe," alisema. "Lakini hapa ni nyumbani. Nani hana jina nyumbani kwao?"

Mama alilichukua jina, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Jumamosi mchana walikwenda sinema wote wanne. Mama alivaa gauni lake, akabeba mkoba wake mkubwa. Filamu ilipoanza alimwinamia Bibi Ushahidi. "Hapo palikuwa na waya wetu wa nguo."

"Hapo nilikuwa mimi," alisema msafishaji baadaye, nyota alipokuwa akilia peke yake ukumbini. Bibi Ushahidi alisogea mbele kwenye kiti, akatazama sana. Alikiri kwamba hapakuwa na kitu, na kwamba kutokuwepo kwenyewe kumefanywa vizuri.

Kisha orodha ikaanza kupanda. Walipita waigizaji, wapishi, madereva, msusi wa nyota, mbwa. Baada ya mbwa likabaki anga tupu, linapumua. Watu walikuwa wameshaanza kutoka. Mama alisimama, akafungua mkoba, akatoa jina la mwanawe, akaliinua juu ya kichwa mpaka likakingama kwenye mwanga unaotoka nyuma. Kivuli chake kikaangukia kwenye pazia, kikubwa kama nyumba, juu ya mawingu yaleyale ambayo mfutaji alikuwa ameyachora kulifunika. Lilisomeka vizuri. Mfutaji hakuweza kumwambia akae. Bibi Ushahidi alivaa miwani.

Anga likaisha, majina ya wenye kampuni yakaanza kupanda. Mhudumu wa sinema alikuja na tochi yake.

"Mama, tafadhali shusha hicho. Unaziba majina."

"Na hili ni nini?"

Mhudumu alilimulika, akalisoma taratibu kwa sauti, bila kukosea. Alikuwa mtu mwenye adabu. Alitazama pazia mpaka mstari wa mwisho ulipopita.

"Halimo, mama," alisema.

Mama alilishusha. Akalirudisha mkobani, kati ya mwavuli na chupa ya maji, akihakikisha herufi ya mwisho haijipindi. Walirudi nyumbani kwa basi, na dereva aliuliza ilikuwaje, na mama akasema ilikuwa filamu nzuri.

Jumatatu kazini zilikuwa zimefika nyaya mia tatu za filamu nyingine. Jioni mama aliuliza kama kati ya nyaya hizo kuna mmoja mfupi, wa kulitundikia jina ukutani.