Mtunzi wa Riruta Rhythm Boys

Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Mumbua alisukuma kitanda hadi ukutani, akakifunika kwa pazia, akapanga viti vinne. Chumba chake kilikuwa Kawangware, mlango wa sita kwenye ploti ya Gachanja, na kwa miaka ishirini bendi ya Riruta Rhythm Boys haikuwahi kufanyia mazoezi mahali pengine. Hao Boys wenyewe sasa walikuwa na wajukuu. Gachanja, mwenye ploti, alipiga gitaa la solo. Nalianya alipiga besi na kulalamikia magoti. Okoth alikwaruza chupa ya Fanta kwa msumari, na usimcheke, maana bila chupa ya Okoth hakuna aliyejua mguu uanguke wapi. Kiti cha nne kilikuwa cha Kavoi, mume wa Mumbua, mtunzi wa nyimbo zote za bendi, aliyefariki mwezi wa Machi mwaka wa 1981 akazikwa kwao Mwala.

Kavoi alianza kurudi wiki ya tatu baada ya mazishi. Alikuja saa tisa kasorobo, amevaa suti aliyozikwa nayo, viatu vimejaa vumbi jekundu la Mwala. Siku hiyo Nalianya alimsogezea kiti, na Gachanja akamuuliza kama mvua imenyesha huko Ukambani. Kavoi akasema imenyesha kidogo. Kisha akachukua gitaa lake la ridhimu. Vidole vilikuwa baridi, lakini mdundo alikuwa nao. Mumbua alichomlaumia ni vile viatu tu, kwa sababu alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki.

"Umekufa, sawa," alimwambia. "Lakini miguu si unaweza kupangusa?"

Tangu siku hiyo akawa anapangusa.

Sasa, kuna jambo ambalo Mumbua alikuwa amelibeba moyoni muda mrefu kuliko watu wanavyobeba mimba. Zile nyimbo hazikuwa za Kavoi. Zilikuwa zake. Alizitunga akichambua maharagwe, akifua, akisubiri maji kwenye mfereji, zote zikiwa zimekamilika kichwani, solo, besi, hata chupa. Ijumaa jioni alimfundisha mumewe, na Jumamosi Kavoi akawaambia wenzake, "Imenijia usiku." Akikwama katikati ya mazoezi, alisema anaenda msalani, akazunguka nyuma hadi jikoni, akarudi na ubeti uliobaki. Wenzake waliamini ana ugonjwa wa kibofu. Nalianya hata alimletea mizizi ya kuchemsha kutoka kwao Bungoma, na Kavoi masikini akainywa.

Kwenye santuri liliandikwa jina la Kavoi peke yake. Wimbo uliopendwa kuliko zote uliitwa "Foleni ya Maji", na hakuna aliyejiuliza Kavoi alijulia wapi habari za foleni, mtu ambaye hakuwahi kubeba ndoo tangu azaliwe. Mumbua hakutaka makubwa. Alitaka mara moja tu, mbele ya watu, mtu asimame aseme: wimbo huu umetungwa na Mumbua. Kavoi alimwahidi hivyo kila Krismasi, na kila Krismasi akaona haya.

Mwaka wa 1983 ukumbi mmoja wa Laini Saba, kule Kibera, uliwaalika wapige Siku ya Jamhuri kwa kumkumbuka marehemu. Gachanja akasema lazima wapige "Foleni ya Maji", nzima, pamoja na sehemu ya mwisho ambayo hawakuwa wameipiga tangu 1969. Walijaribu Jumamosi mbili. Kila mara walipofika mwisho, kila mtu akashika njia yake. Wakamgeukia Kavoi.

"Mimi sijui," Kavoi alisema. "Hiyo wimbo si yangu. Zote si zangu. Ni za Mama Nthenya. Nilikuwa nawadanganya tu."

Akaeleza kwamba huko aliko sasa uongo haupiti. Ukijaribu, ulimi unakuwa mzito kama ugali wa jana. Mumbua, ambaye bendi nzima ilimwita Mama Nthenya kwa jina la binti yake, alisimama pale na birika mkononi, akingoja.

Okoth aliweka chupa chini.

"Amechoka," Gachanja alisema. "Mwala ni mbali."

"Na anakuja kwa miguu," Nalianya akaongeza.

Basi Mumbua akatua birika, akachukua kijiko na sufuria, akawaimbia sehemu ya mwisho yote. Aliimba solo kwa mdomo, akaimba besi, akakwaruza sufuria panapokwaruzwa. Wakamfuata, na mara ya pili wimbo ukafika mwisho wake bila kupotea. Okoth alikaribia kulia kwa furaha.

"Mama Nthenya, una masikio wewe!" Gachanja alisema. "Kumbe miaka yote ukipika ulikuwa unasikiliza."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa aliyekufa ndiye aliyekuwa akisema, na masikio yaliyoshindwa yalikuwa ya wazima. Mumbua alikasirika, na chai ya siku hiyo akaitia chumvi. Wakainywa yote kwa adabu.

Jumanne, akiwa bado na hasira, alitunga wimbo mpya. Binti yake Nthenya alikuwa amejifungua mwezi wa Oktoba, mtoto msichana ambaye mchana hakutaka kulala hata umwimbie nini. Wimbo ulisema hayo, na mwezi ukautaja, na mwaka wa themanini na tatu, ili asije mtu akasema ulitungwa na aliyezikwa themanini na moja. Jumamosi alipomaliza kuwapangia viti hakwenda jikoni. Alikaa kitandani akasema, "Hii nimetunga Jumanne," akawafundisha mmoja mmoja.

Ulikuwa wimbo mtamu, huwezi kuusikia ukakaa kitako. Nalianya alisahau magoti. Walipomaliza, Gachanja alijifuta jasho akamgeukia Kavoi.

"Bwana, hii umeitoa wapi?"

"Nimeisikia leo, kama wewe."

Wakacheka wote, Kavoi wa watu, hakubadilika. Mtunzi ni mtunzi, Okoth alisema, hata kaburi halimzuii.

"Gachanja," Mumbua alisema polepole. "Huyo mtoto Kavoi hajawahi kumwona."

"Si anapita huku kila wiki? Atakuwa alipitia kwa Nthenya kwanza."

Siku ya Jamhuri ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa dirishani. Seline, mama aliyepanga viti, alimweka Kavoi karibu na mlango, maana marehemu wengine wa Laini Saba pia walipenda kukaa hapo kwenye hewa. Bendi ilipiga "Foleni ya Maji" mpaka mwisho, na wazee waliokuwa hawajaisikia nzima tangu 1969 walishikana mabega. Kisha Gachanja akasogeza kipaza sauti akatangaza wimbo ambao haujawahi kusikika popote, kazi mpya ya marehemu Kavoi.

Hapo Kavoi aliinuka. Alitembea hadi jukwaani, akapangusa miguu, akashika kipaza sauti.

"Si kazi yangu," alisema. "Sijawahi kutunga hata wimbo moja. Mwenyewe ni bibi yangu, yule pale. Anaitwa Mumbua."

Jina lilisikika ukumbi mzima mpaka nje kwenye reli. Mumbua akapanda naye, akasema kwa sauti yake, "Ni kweli. Mimi ndiye nilitunga, Jumanne, nikichambua maharagwe."

Vilipigwa vigelegele ambavyo havijapata kupigwa Laini Saba. Akina mama walifuta machozi kwa leso. Mwanamume aliyekufa, na bado anamsifu mke! Mchungaji aliyekaa mbele alisimama akawaambia wanaume wote waliokuwemo wajifunze, kwani mume na mke ni mwili mmoja, na ndiyo sababu jina moja linawatosha. Wanaume wakaitikia amina.

Kisha wimbo ukapigwa, ukaombwa tena, ukaombwa mara ya tatu. Na ukweli usemwe, Mumbua alifurahi. Hasira alikuwa nayo, lakini ungeuona huo umati ukiruka kwa wimbo uliotoka kwenye ungo wako wa maharagwe, nawe ungefurahi. Alicheza na Seline, akacheza na Kavoi, akacheza na mtu asiyemjua. Mlangoni akina mama walimshika mkono mmoja baada ya mwingine.

"Mwambie mzee ametunga vizuri," walisema.

Akamwambia. Kavoi akainamisha kichwa.

Jumamosi iliyofuata Gachanja alikuja na ubao mkubwa, ameupaka rangi nyeupe yeye mwenyewe. Watu walikuwa wamesema mengi ukumbini, alieleza, na yeye si mtu wa kusahau fadhila, kwa hiyo kuanzia leo kila mtu atapata haki yake kwa maandishi. Waliusimamisha ukutani wakausoma kwa sauti. Juu liliandikwa jina la bendi. Chini yake: NYIMBO ZOTE: MAREHEMU KAVOI. Na chini kabisa, kwa herufi nzuri za bluu: CHAI: MAMA NTHENYA.

Okoth na Nalianya walipiga makofi. Mumbua aliusoma mara mbili.

"Hapo kuna makosa," Kavoi alisema.

Gachanja alirudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao wake, akamtazama Kavoi aliyesimama hapo mbele yake na suti yake. Akajipiga paji la uso.

"Kweli bana. Pole sana."

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akafuta neno MAREHEMU. Wote wakakubali kwamba sasa umekaa sawa, wakaugongelea misumari juu ya mlango, nao wakaanza na wimbo wa mjukuu. Rangi ilikuwa bado mbichi Mumbua alipopita chini yake na birika, akainama asije akaiharibu.