Umeme na Faili la Alfajiri

“Hilo faili nalimeza kabla chai yako haijapoa, dada,” alisema Umeme, akivunja vidole kama bondia. Jina hilo alijipa mwenyewe. Pale kituo cha simu za magari ya wagonjwa hakukuwa na fundi mwingine wa kompyuta wa kumpinga.

Dada yake hakucheka. Mgonjwa alikuwa amefariki, na ndugu zake walidai walipiga simu alfajiri, hakuna aliyepokea. Zamu ilikuwa ya dada. Yeye alishikilia kwamba laini zilikatika, na mtambo wa simu huandika kila kitu kwenye faili, mstari kwa mstari: simu iliyoingia, laini iliyokufa. Mchana huo angeitwa kujieleza. Bila mistari hiyo, kazi hana.

Umeme akaiachia skripti yake, programu fupi ya kupekua faili. Feni ikavuma, mshale ukaganda, kioo kikawa cheusi. Akawasha upya. Ikaganda tena.

“Vipi, umeme umekatika?” akatania Mama Pacha, mpokea simu wa meza ya jirani.

“Mama Pacha, hebu pokea simu zako.”

Kosa alilijua, na ndilo lililomuuma: skripti ililibeba faili zima kwa mkupuo kwenye memori, badala ya kusoma mstari, kuuacha, kushika mwingine. Kuiandika upya kulitaka utulivu, na dada alikuwa anamhemea kisogoni. Basi akaona bora alipunguze faili. Diski ilijaa pomoni, nakala haina pa kukaa. Akakata kwenye faili lenyewe, akafuta mwanzo wote, akijiambia hayo ni ya zamani tu.

Skripti ikaruka kama swala. Jibu: hakuna.

Akatazama mstari wa kwanza uliobaki. Saa tatu asubuhi, siku ile ile ya tukio. Alfajiri imekwenda na maji. Akajaribu kuifufua, lakini skripti ilikuwa imeshaandika ripoti yake juu ya nafasi hiyo kwenye diski.

“Umeipata?”

“Dada... mtambo haukuandika. Labda nao ulizimika.”

Dada akakaa taratibu, akafunika uso kwa viganja. “Au kweli nilisinzia? Mungu wangu, labda nilisinzia.”

Mama Pacha akavua hedifoni. “Usijisingizie, mwenzangu. Mtambo uliandika. Huyu amelikata faili, nimemwona kwa macho yangu, tena akipiga mluzi.”

Dada akainua uso.

“Mdogo wangu?”