Mapigo ya Jumamosi

Nilimvalisha mama saa ya mkononi inayotuma mapigo ya moyo wake kwenye simu yangu, nikajiona mtoto wa maana. Namba zikiwa sawa, sikuona haja ya kumpigia.

Jumamosi tatu mfululizo, saa nne asubuhi, simu ililia: mapigo yamepanda. Kila mara nilimpigia roho mkononi, naye akacheka, tukaongea hadi yakashuka.

Jumamosi ya nne nilidamka kwenda kuichukua saa ile takataka, nimrudishie muuzaji.

Nilimkuta mama kwenye ngazi za nje, na magoti yake mabovu, akipanda na kushuka huku akiikodolea macho saa.

"Mama, unafanya nini?"

Akashika ukuta, akihema.

"Kumbe umekuja, mwanangu. Mimi nilitaka unipigie tu."