Nguo Mbichi ya Dorkasi

Bwana Thirlwall, mchoraji, alikuwa na jambo moja lililomkaa kichwani, na halikutoka: kwamba wanawake wa Athene ya kale walivaa nguo mbichi. Alikuwa amewaona kwenye sanamu za mawe za jumba la makumbusho, vazi limewaganda mwilini, akaapa kuwa bila maji mikunjo ile haipatikani. Basi kila asubuhi alichovya vazi la melimeli, kitambaa chepesi, kwenye beseni la maji, akaikamua kidogo, akampa Kezia aivae na kupanda kijukwaani, mtungi begani, achorwe. Athene kuna jua, jamani. Hii ilikuwa London, mwezi wa Machi, na makaa ya mawe Bwana aliyatia motoni kama mtu anayetia chumvi.

Kezia alishaanza kukohoa. Alitaka kuondoka, tena sana, lakini msichana anayeikimbia picha kabla haijaisha, jina lake huzunguka kwa wachoraji wote na haitwi tena popote. Picha ilikuwa iende kwenye maonyesho Jumatatu. Akajiambia, mvumilivu hula mbivu.

Kila alipokwenda kula adhuhuri, melimeli ilivishwa mwanasesere wa mbao mwenye kimo cha mtu, viungo vyake vya kukunja, uso hana, aliyesimamishwa sakafuni kando ya kijukwaa. Bwana aliendelea kuchora mikunjo juu yake. Kezia akirudi aliivua pale na kuivaa tena. Hapo ndipo palipomtia hofu. Nguo iliyoshinda juu ya mbao ilikuwa na joto, kifuani na kwapani, kana kwamba kuna mtu ameivua sasa hivi.

Siku moja, jikoni, alimwuliza Bi Prewett, mama wa kufagia.

"Kabla yangu alisimama nani?"

"Dorkasi. Mpole huyo, hata nzi akimtua puani hatikisiki. Si kama wewe, kutwa kujikuna."

"Siku hizi yuko wapi?"

Bi Prewett alimimina chai kwanza. "Kifua, mwanangu. Alianza kukohoa baada ya Krismasi, na hata theluji haijayeyuka tukamzika. Bwana alileta maua. Kula mkate huo, umebaki kama mpini wa ufagio."

"Bi Prewett, ile nguo ina joto."

Mama wa watu akaweka birika chini. Kezia alingoja acheke, hakucheka.

"Najua," akasema. "Si mimi ninayeifua?"

Kezia akapanda ngazi. Bwana alikuwa amempa mgongo, anachanganya rangi dirishani.

"Upesi, binti. Mwanga unaniacha."

Akaishika melimeli begani pa mwanasesere, akavuta. Haikuja. Akavuta tena, ndipo akatazama chini. Vidole vya mbao, vilivyokuwa wazi asubuhi, vilikuwa vimejikunja juu ya kitambaa, vimekishika kama mtu anayekataa kunyang'anywa chake. Nywele zilimsimama Kezia. Lakini alijua pia, vile mtu anavyojua anapovutwa mkono kando ya shimo, kwamba anakatazwa.

Hakuvuta tena. Maonyesho na yaende zake, na jina lizunguke litakavyo. Nyuma ya pazia alivua joho la kupumzikia, akavaa gauni lake la sufu, akachukua viatu mkononi, akanyata hadi mlangoni.

"Vizuri," Bwana alisema nyuma yake, brashi ikikwaruza turubai. "Hivyo hivyo. Leo umesimama vizuri kuliko siku zote."

Kezia akageuka. Mtungi aliouacha sakafuni ulikuwa begani pa mwanasesere, na mwanasesere alikuwa juu ya kijukwaa.

Kikohozi kikasikika, kidogo, kikavu, cha mtu anayejizuia. Kezia alijishika mdomo. Si yeye aliyekohoa.

"Usikohoe, Dorkasi," akasema Bwana bila kuinua macho. "Unaniharibia mikunjo."