Kiambatisho cha Nne

Kiwandani walimwita Bwana Nukta, maana hakuna mkaguzi wa usalama aliyeandika ripoti ndefu kama zake wala aliyepanga nukta zake kwa uangalifu kama yeye. Alikuwa na ujanja wake, na kwa miaka kumi na tisa haukuwahi kumtupa. Mkubwa wake alisoma kila ripoti na kalamu nyekundu mkononi, akifuta kila sentensi iliyoinyooshea kampuni kidole. Lakini mkubwa alikuwa mvivu. Akifika ukurasa wa ishirini anapiga miayo na kutia sahihi. Basi Bwana Nukta akajifunza kuweka maneno matamu mbele na ukweli nyuma, kwenye viambatisho. Mwenyekiti wa kamati ya ajali, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuwa akianza kusoma kutoka nyuma. Walielewana hivyo bila kuambiana hata siku moja.

Mwenyekiti huyo alistaafu mwaka jana.

Mashine ya kukunja mabati ilipomkata vidole vitatu mama mmoja wa zamu ya asubuhi, Bwana Nukta aliandika kurasa sitini na mbili. Mbele aliandika kwamba mfanyakazi aliingiza mkono mashine ikiwa inafanya kazi, jambo ambalo ni kweli. Kwenye kiambatisho cha nne akaandika kwamba kinga ya mashine ilifunguliwa saa moja asubuhi kwa amri ya meneja, ili kazi iende kasi, na kwamba yeye mwenyewe aliikuta stoo, bolti zake zimetiwa kwenye kopo la rangi. Akaambatanisha video ya kamera ya ukutani, yenye urefu wa saa sita nzima.

"Dada, usiwe na wasiwasi," alimwambia yule mama siku ya kikao, wakiwa kwenye benchi la korido. "Kila kitu nimekiandika."

Mama alikuwa ameupakata mkono wake wenye bendeji kama mtoto mchanga. "Nakuamini, kaka. Wakisema ni uzembe wangu, kazi ndiyo basi tena. Nani ataniajiri na mkono huu?"

Ndani, mwenyekiti mpya, kijana mtanashati, hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na kompyuta tu.

"Jamani, tusipotezeane muda. Ripoti na video nimeipa programu ya akili bandia, imetufupishia." Akasoma: "Mfanyakazi aliingiza mkono kwenye mashine inayofanya kazi. Viambatisho vina maelezo ya kiufundi. Video: saa moja asubuhi, fundi anafanya matengenezo ya kawaida. Saa nne na dakika kumi, ajali inatokea."

Matengenezo ya kawaida! Damu ilimpanda Bwana Nukta hadi masikioni. Lakini fundi kweli alionekana na spana. Programu ile ilisoma kama mkubwa alivyosoma miaka yote: iliyaamini maneno ya mbele kwa kuwa yalikuwa mbele. Na nani aliyeyaweka huko?

"Mkaguzi, una la kuongeza?"

Angesema tu, fungueni kiambatisho cha nne, ukurasa wa hamsini na saba. Lakini mkubwa alikuwa ubavuni pake, kalamu nyekundu mfukoni, anamtazama. Ukurasa huo ukifunguliwa, vitafunguliwa pia viambatisho vyote vya miaka kumi na tisa. Naye alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na zake zilikuwa zimefika.

"Muhtasari umejitosheleza," akasema, akajichukia papo hapo.

Kikao kilichukua dakika kumi na moja. Mama aliitwa, akatoka na barua katika mkono wa kushoto.

"Wamesema uzembe, kaka. Si uliniambia umeandika?"

"Niliandika, dada. Haki ya Mungu niliandika. Ukurasa wa hamsini na saba."

"Wakausoma?"

"Hawakuusoma."

"Na wewe ulikuwa umekaa mlemle ndani?"

Bwana Nukta alitazama sakafu. Mama akamnyooshea ile barua.

"Basi nikunjie. Mkono mmoja siwezi."

Akaikunja mara mbili, pembe kwa pembe, kwa uangalifu uleule wa siku zote, akamtilia kwenye mkoba.