Sahihi ya Papa Habarurema

Hebu niambie, wewe ungefanya nini kama mutu unayemuhitaji amekaa mbele yako, posta inafunga leo saa kumi, na desturi inakukataza kutaja kile kilichokuleta?

Nyiramahirwe alikuwa amekaa hivyo, kwenye kiti cha mianzi ndani ya nyumba ya Papa Habarurema pale Murara, mutaa wa Goma, siku ya Ijumaa, mwaka wa 1958. Kando yake mutoto wake Evariste alikuwa anatikisa muguu. Mama akaweka mukono juu ya goti lake, muguu ukatulia. Ilikuwa saa nane na nusu.

Mambo yalianza na barua.

Evariste alikuwa wa kwanza katika ukoo wao kumaliza université. Baba yake, Hitimana, mufugaji wa Masisi, alikufa mwaka mmoja kabla ya diplome. Kijana alirudi kwa mama yake Goma kutoka Léopoldville na sanduku la vitabu lililofungwa kwa kamba, na wazo moja ambalo halikumutoka kichwani: kuendelea na masomo Ubelgiji, asomee historia ya sanaa. Ni kusema vitu ambavyo watu wamechonga, wamefinyanga na kusuka: nani alivitengeneza, lini, na kwa sababu gani.

Mama yake alikuwa amesoma miaka minne tu kwa masista. Aliuliza.

"Upande ndege, uende kusoma vikapu kwa bazungu, na miye niko nasuka hapa mbele yako?"

"Mama, vile vya zamani viko kule. Huku havikubaki."

"Nani alivipeleka?"

"Bazungu wenyewe."

"Bon," mama akasema, akachukua uzi mwingine.

Evariste akaandika kwenye université moja ya kule kuomba nafasi pamoja na bourse ya kumulipia masomo. Aliandika kurasa nne, na aliziandika namna baba yake alivyokuwa akiomba ng'ombe. Kwao Masisi mutu anayeomba ng'ombe hamutaji ng'ombe. Analeta pombe ya ndizi, anauliza habari ya malisho, anasifu pembe na mulio, anarudi nyumbani. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mwenye ng'ombe ndiye anauliza, "Kitu gani kimekuleta?" Hapo sasa munyonge anafungua mudomo. Kijana alifanya hayo yote kwa Kifaransa safi. Aliuliza afya ya bwana profesa na ya watu wa nyumba yake, akasifu muji ambao hajauona, akaeleza ng'ombe za marehemu baba yake, rangi kwa rangi, jina kwa jina. Akashukuru, akatia sahihi.

Baada ya miezi miwili jibu likafika. "Bwana, tumesoma barua yako kwa furaha. Hatukuelewa unaomba nini."

Jirani yao Philomène alicheka mpaka akashika ukuta. "Mutoto ameomba vizuri hivi, mpaka bazungu wamesahau kama anaomba!"

Bahati yake, profesa alitia formulaire ndani ya bahasha. Evariste akaijaza, na safari hii aliandika kwenye musitari wa kwanza kabisa: Naomba. Alisema alisikia aibu kama mutu anayeingia nyumba ya watu na kufunua chungu. Lakini formulaire ilikuwa na ukurasa wa mwisho. Bourse ingelipa masomo, chumba, chakula na ndege ya kwenda. Kama mwanafunzi angeshindwa, ndege ya kumurudisha ingelipwa na garant, mutu mwenye mali ambaye ametia sahihi. Bila ile sahihi dossier, zile karatasi zote, haipokelewi. Na ili ifike kwa wakati, ilipaswa kuondoka Goma na posta ya Ijumaa ya wiki mbili mbele.

Garant ilikuwa Papa Habarurema au hakuna. Alikuwa na camion iliyopandisha chumvi na vitambaa Masisi na kushusha maharagi na viazi. Tena alikuwa rafiki wa Hitimana tangu ujana.

Evariste alidhani sasa amejifunza. Akaenda peke yake, asubuhi, mikono mitupu, akasimama mulangoni.

"Papa, naomba sahihi yako." Na akafungua dossier juu ya meza.

Habarurema alimutazama kutoka viatu mpaka nywele. "Umekaa?"

"Bado, papa."

"Umenisalimia?"

Evariste akatafuta kiti kwa macho.

"Baba yako alikuja hapa mara tatu kuniomba panga. Panga! Akaikate miti, anirudishie jioni. Na wewe unaniomba sahihi inayoweza kula camion yangu, umesimama, kama polisi wa kodi?"

Akasukuma dossier. Karatasi moja ikatoka, ikaanguka chini. Ilikuwa picha ya kikapu kirefu chenye kifuniko cha ncha. Evariste aliikata kwenye gazeti la Ubelgiji ili kuonyesha kazi aliyotaka kuifanya. Muzee akainama mwenyewe, akaiokota, akaiangalia kwa muda.

"Hii uiache," akasema. "Wewe, enda."

Nyiramahirwe aliposikia, hakumugombeza mutoto. Alisema tu, "Ulichelewesha kwa bazungu, ukaharakisha kwa watu wetu," halafu akatafuta ndizi. Alizivundika, akazikamua, akachanganya na unga wa mutama, akangoja pombe ichachuke. Siku zikapita, hakuna njia ya kuiharakisha.

Mara ya kwanza alienda Jumamosi na kibuyu chake na mirija miwili. Wakazungumza mvua ya Masisi, na barabara ya Sake iliyokatika. Papa Habarurema akauliza kama bado anasuka.

"Nasuka, papa."

"Na fundi mumoja, mwenzake anaweza kumutambua kwa kazi yake?"

"Kama vile unatambua mutu kwa kutembea kwake."

Muzee akaitikia kwa kichwa. Nyiramahirwe akaaga, akarudi nyumbani.

Mara ya pili ilikuwa Jumanne. Ile picha ilikuwa juu ya meza, imelazwa chini ya kioo cha taa kilichovunjika, isipeperuke. Papa Habarurema akauliza maandishi ya chini yanasema nini, maana yeye alijua hesabu tu. Mama akasoma polepole, kidole juu ya neno: panier, Kivu, auteur inconnu.

"Ni kusema?"

"Kikapu cha Kivu. Aliyekisuka hajulikani."

Muzee akavuta murija mpaka kibuyu kikalia. Halafu akaongea juu ya bei ya chumvi, na juu ya sergent mumoja wa camp ya askari ya Katindo ambaye huchukua sabuni kila mwezi na kusema atapita kesho kulipa. Nyiramahirwe akacheka panapochekwa. Hakutaja sahihi. Alipofika nyumbani, Evariste akamuuliza, "Amekubali?"

"Hatujaongea ile."

"Mama! Kumebaki siku tatu!"

"Zinatosha."

Ijumaa wakaenda wote wawili, yeye na kibuyu, kijana na dossier. Walipoingia, Nyiramahirwe akaona chungu katikati ya nyumba. Pombe ilikuwa imejaa mpaka mudomoni, povu bado linapanda, na mirija mipya ya matete imewekwa juu, ukiwemo wa mugeni. Papa Habarurema alikuwa amevaa koti lake la kanisa.

Mama akasimama kidogo. Mutu anayeombwa hatengenezi pombe. Tangu azaliwe hajaona hivyo. Akasukuma kibuyu chake nyuma ya kiti, kisionekane, akakaa, akapokea murija.

Basi ndivyo walivyofika pale, saa nane na nusu. Muzee akaongea tairi za camion. Akaongea ng'ombe yake iliyozaa ndama mwenye paji jeupe. Saa tisa ikapita. Nyiramahirwe akauliza afya ya ndama. Evariste alikuwa anaangalia dirisha kama mutu aliyefungwa ndani ya cachot ya polisi. Saa tisa na robo Papa Habarurema akanyosha mukono, akachukua ukurasa wa mwisho bila kuulizwa kitu, akatafuta kalamu kwenye koti, akaandika jina lake herufi kubwa kubwa, akipumua kwa nguvu kila herufi.

Evariste akaruka. Muzee akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Kaa, mutoto."

Kijana akakaa. Nje mutu alikuwa anavunja mawe ya volkano kwa nyundo, na walihesabu mapigo bila kutaka. Papa Habarurema akafungua mudomo, akaufunga. Akaongea tena tairi.

Ndipo Nyiramahirwe akaweka murija chini. Akanyosha kitambaa chake cha mabega namna wanaume wa Masisi wanavyonyosha shuka lao wakiombwa ng'ombe, na ndani ya nyumba ya watu akauliza swali la mwenye nyumba.

"Papa Habarurema, kitu gani kimekuleta?"

Muzee akamutazama. Akacheka kidogo, pua tu. Halafu akaondoa kioo, akachukua picha, akaweka kidole kwenye ncha ya kifuniko.

"Uzi mweusi huu unazunguka kushoto," akasema. "Wote wanazungusha kuume. Muke wangu alikuwa anatumia mukono wa kushoto, na mama yake alimupiga, hakuacha. Alisuka hiki mwaka tulipooana. Muke wa administrateur, muzungu wa serikali, akakipenda, akamupa kopo la biskuti. Kopo niko nalo mpaka leo, natia misumari."

"Eugénie," mama akasema, maana alimujua, na alikuwa kwenye maziko yake.

"Eugénie." Akageukia kijana, akainua kiganja, akasukuma karatasi upande wake. "Kimbia, posta haitakungoja. Ukifika kule, tafuta nyumba wanamokiweka. Hapa wameandika hajulikani. Miye namujua. Nataka wafute ile neno, waandike jina lake."